Shangani haina kibao

Mgeni wa Mtwara hulala Shangani, kukipambazuka tunampeleka Mikindani akaone mambo ya kale. Ni kilomita kama 10 tu. Huko ataonyeshwa nyumba yenye kibao cha David Livingstone, na juu kidogo, mlimani, boma la Wajerumani. Sisi wa Shangani tuna bahari na vivuli vya minazi.

Livingstone alishuka Mikindani Machi 1866, akapanga nyumba kwa dola 4 kwa mwezi. Mwezi wenyewe haukutimia kabla hajaondoka kuelekea Ruvuma. Mimi hupenda kumsimulia mgeni habari za wanyama: ngamia 6, nyati 3 na ndama, baghala 2, punda 4, wote wameletwa kwa jahazi kutoka Unguja. Mzee alitaka kuona kama mbung'o atawaweza. Msafarani alikuwamo pia kijana wa Kiyao, Chuma, ambaye mwaka 1874 alikuwa miongoni mwa waliomfikisha bwana wake Bagamoyo akiwa maiti.

Boma lina kisa kizito zaidi. Agosti 1888 kampuni ya Kijerumani ilikabidhiwa forodha za pwani kwa mkataba na Sultani wa Zanzibar. Haukupita mwezi pwani ikawaka, na mawakala wa kampuni waliokuwa Mikindani wakatimkia baharini. Mei 1890 Wissmann, kamanda wa Kijerumani, akaja na askari wake, akiwa ameshaitwaa Kilwa na Lindi. Boma likajengwa 1895. Panda ghorofani uelewe kwa nini waliliweka pale: ghuba yote iko chini ya macho, hata ngalawa haipiti kwa siri. Mwishoni mwa miaka ya 1990 shirika la hisani la Kiingereza, Trade Aid, lililikarabati, na leo ni hoteli.

Lakini ghuba iliyofaa majahazi haikuzitosha meli kubwa. Waingereza walipokuja na mpango wao wa karanga, 1947, walitafuta kina, wakaipita Mikindani na kupiga kambi Mtwara. Mashamba yawe Nachingwea, reli ilete mzigo, gati lipokee. Januari 1951 mpango ukafutwa, umeshakula pauni milioni 36 hivi, na karanga zilizovunwa hazikufanana kabisa na zile zilizoandikwa kwenye makaratasi. Gati waliendelea nalo hata hivyo. Meli zikaanza kufunga miaka michache baadaye. Reli haikudumu: mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilifungwa, vyuma vikang'olewa. Ikabaki Shangani, na viwanja vyake vipana vilivyopimwa kwa ajili ya maofisa wa Kizungu.

Ningeombwa kibao cha kwetu, ningeandika: "Hapa palisubiriwa karanga." Msimu ukifika, malori hupanga foleni hadi nje ya lango la bandari. Yamebeba korosho.