Maili 16 za Katikkiro

Wandegeya, mtaa wa Kampala, imepata jina kwa endegeya, wale ndege wanaofuma viota vya kuning'inia mitini. Siku hizi wanafunzi hushuka kutoka Chuo Kikuu cha Makerere jioni kununua rolex, chapati iliyoviringishwa na mayai bado ikifuka moshi. Ila anayetafuta kiwanja Kampala hukutana upesi na maneno mawili: mailo, ardhi ya milki binafsi, na kibanja, kipande anachokalia mpangaji juu ya ardhi hiyo. Mailo ni maili ya Kiingereza iliyovikwa Kiganda, na nyuma yake yumo Apolo Kagwa, ambaye barabara yenye jina lake inapita upande wa pili wa kilima cha Makerere.

Alikuwa kijana wa kutumikia ikulu ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda. Mwaka 1886 Wakristo wenzake waliuawa. Yeye alipigwa, akaponea chupuchupu. Katikati ya vita vya dini vya Buganda, akawa Katikkiro, yaani waziri mkuu.

Tarehe 10 Machi 1900 alitia saini Mapatano ya Buganda na Sir Harry Johnston, kamishna wa Uingereza. Kabaka Daudi Chwa alikuwa na miaka mitatu tu, hivyo Kagwa, Stanislaus Mugwanya na Zakaria Kizito waliishika nchi kwa niaba yake. Lukiiko, baraza la Buganda, ikawa na wajumbe 89: mawaziri 3, wakuu wa saza (majimbo) 20, watu mashuhuri 60, na wengine 6 wa kuteuliwa na Kabaka. Machifu na wenye mashamba 1,000 walitengewa maili za mraba 8,000. Kila mmoja wa wale watatu akapata 16 zake mwenyewe na 16 za cheo.

Hapo ndipo ninapoumia. Lukiiko ndiyo iliyopitisha orodha ya wagawiwa, na wagawaji wenyewe walikuwemo. Mkulima aliyelala katikati ya migomba yake aliamka mpangaji wa mtu, akidaiwa busuulu, kodi ya ardhi.

Hata hivyo, Kagwa huyohuyo aliketi na wazee, akakusanya simulizi za wafalme, na mwaka 1901 akachapisha Basekabaka be Buganda kwa Kiganda. Bila bidii hiyo mengi yangezikwa pamoja na walioyajua.

Mwaka 1926 aligombana na afisa wa Kiingereza juu ya vibali vya pombe, akajiuzulu. Alifariki Nairobi Februari 1927. Mwaka 1928 ilianza kutumika sheria iliyowekea kodi ya busuulu kikomo na kumlinda mwenye kibanja asifukuzwe ovyo.