Ukaguzi wa Mpakani na Uhai wa Mkataba wa Amani: Funzo la Ireland

Wapatanishi wengi hujadili silaha, wafungwa na mgawanyo wa madaraka, kisha ukaguzi wa mpakani wakawaachia maofisa wa forodha na uhamiaji. Makala hii inadai kwamba desturi hiyo ni ya hatari. Pale ambapo mpaka wenyewe ndio kiini cha ugomvi, taratibu za kuuvuka ni sehemu ya amani, na kuzibadilisha bila ridhaa ya pande zote ni kuufumua mkataba. Ireland inalithibitisha hilo.

Mpaka wa Ireland, wenye urefu wa takriban kilomita 500, ulizaliwa kisiwa kilipogawanywa mwaka 1921 na kaskazini ikabaki Uingereza, na vituo vya forodha vikaanza kazi mwaka 1923. Kwa wakazi wa kaskazini waliotaka Ireland iliyo moja, vituo hivyo vilikuwa ushahidi wa kila siku kwamba wametengwa na ndugu zao. Ndiyo maana vilikuwa miongoni mwa shabaha za IRA, kundi la wapiganaji waliotaka Ireland moja, katika kampeni ya 1956 hadi 1962, na Agosti 1972 bomu katika kituo cha forodha cha Newry likaua watu tisa. Katika vita vya Ireland ya Kaskazini vilivyoangamiza watu zaidi ya 3,500, mpaka ulijaa wanajeshi na minara ya ulinzi, na barabara ndogo nyingi zikazibwa au kulipuliwa zisipitike. Ofisi ya ushuru ikishambuliwa huletwa polisi kuilinda. Polisi nao wakishambuliwa, huletwa jeshi.

Hali hiyo ilibadilika kwa hatua mbili. Soko la pamoja la Ulaya liliondoa ukaguzi wa forodha tarehe 1 Januari 1993, na kwa Mkataba wa Ijumaa Kuu wa 10 Aprili 1998 Uingereza iliahidi kupunguza majeshi na kuondoa ngome zake. Mkataba uliwapa wakazi haki ya kujitambulisha kuwa Waairishi, Waingereza au vyote viwili, na ukaweka sharti kwamba hadhi ya Ireland ya Kaskazini haitabadilika bila ridhaa ya wengi. Aliyetaka Ireland moja aliweza kuvumilia mamlaka ya London kwa kuwa alikwenda Donegal, ng'ambo ya mpaka, bila kusimamishwa na yeyote. Aliyetaka kubaki Uingereza aliweza kuvumilia taasisi za pamoja na Dublin kwa kuwa uraia wake haukuguswa. Hata hivyo, hakuna kifungu kilichokataza waziwazi ukaguzi wa forodha. Uanachama wa nchi zote mbili katika Umoja wa Ulaya ulichukuliwa kuwa jambo la kudumu.

Kura ya maoni ya 23 Juni 2016, iliyoamua Uingereza itoke katika Umoja huo, iliiondoa nguzo hiyo. Asilimia 55.8 ya wapiga kura wa Ireland ya Kaskazini walitaka kubaki, lakini wakatolewa pamoja na Uingereza nzima. Kwa kuwa Ireland ilibaki ndani ya Umoja, sasa bidhaa zilipaswa kukaguliwa mahali fulani. Itifaki kati ya Uingereza na Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika Januari 2021 ilihamishia ukaguzi bandarini, Larne na Belfast, kwa mizigo inayotoka kisiwa cha Britania. Barabara za nchi kavu zikabaki wazi, lakini safari hii waliojiona Waingereza ndio waliohisi kutengwa. Machi 2021 baraza linalowakilisha makundi ya waliokuwa wapiganaji wao lilitangaza kusitisha uungaji mkono wa Mkataba. Februari 2022 waziri kiongozi kutoka DUP, chama kinachotaka kubaki Uingereza, alijiuzulu, na serikali ya ubia, ambayo ni uti wa mgongo wa Mkataba, haikurejea hadi Februari 2024, baada ya Mfumo wa Windsor, makubaliano ya 2023 kati ya Uingereza na Umoja wa Ulaya, na makubaliano mengine kupunguza ukaguzi.

Wapo watakaosema kwamba forodha si jeshi: Norway na Uswidi hukagua mizigo mpakani, wala hakuna anayemwaga damu. Ni kweli, lakini hakuna jamii inayoukana mpaka ule. Uzito wa ukaguzi hautokani na wingi wa fomu, bali na kile unachomwambia raia kuhusu mahali anapostahili kuhesabiwa.

Wala kufungua mpaka peke yake hakutoshi. Ethiopia na Eritrea zilitangaza amani huko Asmara tarehe 9 Julai 2018, na Septemba vivuko vikafunguliwa, familia zilizotenganishwa na vita kwa miaka ishirini zikakutana. Lakini uwazi huo haukuwekewa kanuni thabiti za ushuru, vibali na sarafu. Kufikia mwishoni mwa Aprili 2019 vivuko vilikuwa vimefungwa tena, na wananchi hawakuwa na chombo cha kudai kile walichopewa.

Kwa hiyo mkataba wa amani unapaswa kueleza bayana nini kitakaguliwa, wapi, na kitakaguliwa na nani, na uwe na baraza la pamoja ambalo halitaruhusu badiliko lolote hadi upande utakaoumia usikilizwe. Haki ya dola kulinda mipaka yake haipotei kwa kufanya hivyo. Inatumiwa kwa kuheshimu ahadi ambayo dola yenyewe ilitia saini. Mpatanishi asiyemwita mtaalamu wa forodha mezani kabla ya kalamu kushikwa atakuwa ameacha sehemu ya vita bila kuimaliza.