Mlango wa pembeni

Nilipopata 53% kwenye ezamen deta, nilijua udaktari wa meno umenipita. Fakilte ilitaka zaidi. Nikaingia masomo ya uuguzi, nikiona haya. Haya ile ilipungua siku nilisoma historia yetu wenyewe.

Tarehe 30/6/1960 Congo ilipata uhuru bila daktari hata mmoja mwana-Congo. Wabelgiji walikuwa wamefundisha asistanti mediko: watu wa kupima wagonjwa, kutibu, hata kupasua, lakini cheo cha daktari hapana. Machafuko ya Julai yalipoanza, madaktari wengi wa Kibelgiji wakaondoka. Nani alibaki na wagonjwa? Ni wale wale asistanti.

OMS ikafanya hesabu. Kufundisha daktari kutoka mwanzo ni miaka mingi, na wagonjwa hawangoji. Basi asistanti kama 60 walipelekwa Ufaransa, wamalizie tu kile kilichobaki. Mwaka 1963 wakarudi madaktari.

Tusidanganyane lakini: hawakuhurumiwa. Miaka yao ya kazi ilihesabiwa, halafu watu wazima wale wakakaa darasani tena.

Mimi nilipouliza, niliambiwa nifanye mtihani wa kuingia, nianze mwaka wa kwanza kama sijawahi kushika mgonjwa. Sawa, nitaufanya. Ila nawauliza: kama kazi ya mikono ilihesabiwa mwaka 1960, wakati kila kitu kilikuwa kinaanguka, kwa nini leo isihesabiwe?