Mgahawa wa Senti Kumi na Tano

Juma hili, ndugu msomaji, naomba tusafiri pamoja hadi Marekani, katika mji wa Downey, jirani na Los Angeles, jimboni California. Hatuendi kutazama kanisa kongwe wala ngome ya vita. Tunakwenda kutazama mgahawa wa kuuza hambaga.

Najua wapo watakaoguna. Historia tuliyofundishwa darasani ni ya wafalme, majemadari na mikataba. Mahali ambapo fundi bomba na mkewe walisimama dirishani kununulia watoto chakula hapakuwamo kitabuni. Lakini Waswahili husema, usione vyaelea, vimeundwa. Na mgahawa huu una mengi ya kusimulia.

Ulifunguliwa Agosti 18, 1953, nao ndio McDonald's ya zamani kuliko zote zilizosalia duniani. Mtindo wake ulibuniwa na ndugu wawili, Richard na Maurice McDonald, waliokuwa na mgahawa katika mji wa San Bernardino. Mwaka 1948 ndugu hao waliufunga mgahawa wao kwa muda, wakawaondoa wahudumu waliokuwa wakipeleka chakula kwenye magari, wakapunguza aina za vyakula, na kila mpishi wakampa kazi moja tu ya kurudia. Mteja akawa anashuka mwenyewe garini na kufuata chakula dirishani. Hambaga ikauzwa senti 15, na familia ya kipato kidogo ikaweza kula nje ya nyumba bila kuvunja kibubu.

Hata jengo lenyewe lilitokana na biashara hiyo. Dereva aliye mwendoni hana nafasi ya kusoma maandishi marefu. Anachokiona ni umbo na rangi. Kwa hiyo msanifu majengo Stanley Meston alichora jengo dogo la vigae vyekundu na vyeupe, na pande zake mbili akaweka matao makubwa ya manjano yaliyotoboa paa na kuwaka usiku. Hayo ndiyo matao ambayo leo tunayaona yakiwa herufi M. Mwaka 1959 likaongezwa bango la taa za neoni lenye urefu wa futi 60, likiwa na mpishi aitwaye Speedee, ambaye kichwa chake ni hambaga na ambaye miguu yake ya taa hukimbia bila kufika popote.

Sasa tujiulize, kwa nini mgahawa huu ulisalia wakati ndugu zake wameondoka? Mwaka 1961 mfanyabiashara Ray Kroc aliinunua kampuni kutoka kwa akina McDonald kwa dola milioni 2.7. Baadaye kampuni ikabadili ramani ya migahawa yake, na yale majengo ya vigae yakabomolewa au kugeuzwa sura. Hata ule wa San Bernardino ulikotokea mtindo wote haukupona. Wa Downey ulipona kwa sababu wenyewe walikuwa wametia saini mkataba na wale ndugu wawili, si na Kroc, hivyo hawakulazimika kufuata amri zake. Naam, kilichouokoa si mapenzi ya historia. Ni karatasi ya mkataba.

Kampuni iliupata mgahawa huo mwaka 1990. Januari 1994 tetemeko la ardhi la Northridge likaujeruhi, na kampuni ikaufunga. Hesabu zake zilikuwa wazi: mapato madogo, hakuna viti vya ndani, hakuna njia ya kuhudumia wateja wakiwa garini. Ndipo watu walipopiga kelele. Taasisi ya taifa ya kuhifadhi majengo ya kihistoria ikauweka katika orodha ya mwaka huo ya mahali 11 palipo hatarini zaidi kutoweka nchini Marekani. Kampuni ikasalimu amri, ikaukarabati, na mwaka 1996 ukafunguliwa tena, mpishi Speedee akiwa juu ya nguzo yake.

Hebu linganisha na mgahawa ambao Kroc mwenyewe aliufungua Des Plaines, jimboni Illinois, Aprili 15, 1955. Huo kampuni iliubomoa, kisha ikajuta, na mwaka 1985 ikafungua nakala yake kuwa makumbusho. Wahudumu walikuwa masanamu, chakula hakikuwapo, na mafuriko ya mto ulio jirani yakaisumbua. Mwaka 2018 nakala nayo ikabomolewa. Iliyodumu ni ile iliyoendelea kukaanga viazi.

Wako wanaouliza: je, kulihifadhi jengo kama hili si kuipa kampuni kubwa tangazo la bure? Ni swali la haki. Lakini kwa miaka mingi kampuni hiyo ilimtangaza Kroc kuwa ndiye mwanzilishi. Jengo la Downey lilisimama likikanusha, kwa kuwa lilifunguliwa karibu miaka miwili kabla ya mgahawa wake wa kwanza. Karatasi huandikwa upya. Ukuta ni mgumu zaidi kuusemesha uongo.

Wala Downey haikupata funzo hilo mara moja tu. Januari 2007 matingatinga yaliuvamia bila kibali mgahawa mwingine wa mji huohuo, Johnie's Broiler, wa mwaka 1958, yakaubomoa sehemu kubwa kabla ya kuzuiwa. Mabaki yalikusanywa, ukajengwa upya, ukafunguliwa mwaka 2009 kwa jina jingine. Ni jambo la kushukuru, ingawa kuta nyingi sasa ni mpya.

Mimi nasema hivi: jengo la mtu wa kawaida halingoji lizeeke ndipo liheshimiwe, maana kabla halijazeeka huwa limekwisha kubomolewa. Majumba ya wakubwa yana walinzi. Mgahawa wa senti 15 una wateja wake tu. Na wewe, msomaji, ukipita leo mbele ya hoteli ile uliyokuwa ukipelekwa na baba siku ya mshahara, tazama kama kibao chake bado kipo. Kama kipo, ingia ununue chai.

Kwa juma hili ni hayo.