Mgonjwa wa kidijitali: Madaktari, wauguzi na wafamasia wanavyojifunza kazi pamoja

Mgonjwa ana homa kali, presha inashuka, anahema haraka. Mwanafunzi wa udaktari anaagiza penisilini. Baada ya muda mfupi, hali inazidi kuwa mbaya. Kumbe mgonjwa ana mzio wa dawa hiyo. Mwanafunzi wa uuguzi aliliona hilo kwenye faili, akaogopa kusema.

Bahati nzuri hakuna aliyekufa. Mgonjwa yupo kwenye skrini tu.

Ni nini hasa?

Ni programu ya kompyuta au simu inayoigiza mgonjwa. Ana umri, historia na majibu ya maabara. Unamhoji, unachagua vipimo, unaamua matibabu. Kila uamuzi unabadilisha kinachofuata.

Kwa nini wasome pamoja?

Chuoni kila kada husoma kivyake, lakini wodini wote wanakutana kwa mgonjwa mmoja. Mwaka 1999, Taasisi ya Tiba ya Marekani ilikadiria kuwa makosa ya kitabibu yanaua watu 44,000 hadi 98,000 kwa mwaka katika hospitali za nchi hiyo. Ilipendekeza mafunzo ya timu. Mwaka 2010, Shirika la Afya Duniani (WHO) nalo lilitoa mwongozo wa kada mbalimbali kujifunza pamoja.

Inafanyikaje?

- Kila mwanafunzi anashika nafasi yake: muuguzi anafuatilia presha na mapigo ya moyo, mfamasia anakagua dawa na dozi, daktari anatafuta ugonjwa.
- Wanajadiliana, kisha wanaamua kwa pamoja.
- Mwisho wanakaa na mwalimu: nani aliona nini, na kwa nini hakusema?

Hapo kwenye mjadala ndipo somo lenyewe lilipo. Bila huo, inabaki kuwa gemu tu.

Inasaidia kweli?

Uchambuzi wa tafiti 51 uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kuwa, ukilinganisha na ufundishaji wa kawaida, wagonjwa hawa waliwaongezea wanafunzi ujuzi wa vitendo zaidi, hasa wa kufikiri kitabibu. Kwenye maarifa ya darasani, matokeo yalikaribiana.

Haiwezi nini?

Skrini haikufundishi kushika tumbo linalouma wala kumtuliza mama anayelia. Wodi bado ni lazima.

Ila kumwambia daktari "subiri, angalia faili kwanza" kunahitaji mazoezi. Ni heri uanze kuyafanya mahali ambapo ukikosea, unabonyeza na kuanza upya.