Kisukari: Tembe au sindano ya insulini?
WAGONJWA wengi wa kisukari huogopa insulini, wakidhani sindano ni dalili ya mwisho. Sivyo.

Mwenye kisukari cha aina ya kwanza hana hiari: kongosho lake halitengenezi insulini, na tembe haziwezi kuziba pengo hilo. Kabla ya mgonjwa wa kwanza kudungwa insulini mjini Toronto, Canada, mnamo Januari 1922, watoto wenye maradhi hayo walikuwa wakifa. Hata leo, kuiacha huweza kuua kwa siku chache.

Wa aina ya pili kwa kawaida huanza na metformini, ambayo hupunguza sukari itokayo kwenye ini. Miaka ikipita, kongosho huchoka na huenda tembe pekee zisitoshe; si kosa la mgonjwa. Hata hivyo, insulini huhitaji uangalifu: ikizidi, au mlo ukirukwa, sukari hushuka ghafla na mtu huweza kuzirai.