Saa za Mwuguzi na Uwakili Wetu

Katika milima ya Usambara, wilaya ile ile ya Korogwe yenye Hale, Wakristo wa Ujerumani walianzisha kituo cha Lutindi mwaka 1896 ili kuwalea watoto waliokombolewa utumwani. Mwaka 1904 wakaanza kupokelewa wagonjwa wa akili, ambao huhitaji zaidi ya dawa: mtu aliye karibu, usiku na mchana. Basi taarifa inayotaja idadi ya wauguzi pekee haitoshi. Nchini Marekani, tangu mwaka 2016, vituo vya kutunza wazee hutakiwa kutaja saa za kazi za kila siku, zikithibitishwa na hesabu za mishahara. Nasi tuhesabu vivyo hivyo katika hospitali zetu. Majina kumi kwenye orodha hayamfai mgonjwa anayeita saa nane usiku, ikiwa zamu hiyo haina mtu. Huo nao ni uwakili, nasi tutaulizwa hesabu yake.